Mama Dakika Tatu na Sala Yake kwa Ajili ya Wakala

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefariki Alhamisi, akiwa na miaka sabini na mmoja. Kiwandani walimwita Mama Dakika Tatu.

Jina hilo lilitoka kazini. Alikuwa mpimaji katika kiwanda cha ngozi. Ngozi ikitoka kwenye pipa la kemikali, alikata kipande, akachora umbo lake kwenye karatasi, akakitumbukiza katika maji yanayochemka. Dakika tatu. Kisha alikirudisha juu ya mchoro. Kikienea sawasawa, ngozi imeiva. Kikisinyaa, bado. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa, wala hakuna aliyempinga. Marehemu mumewe alikuwa na mzaha wake: "Huyu hata mimi alinichemsha kwanza, ndipo akanikubali."

Kinachoivisha ngozi, msikilizaji, ni unga wa kijani uitwao kromu. Unachimbwa huku, unasagwa kule, unapakiwa melini kwingine. Bei yake inapangwa na watu ambao hawajawahi kunusa ngozi mbichi. Mwaka mmoja migodi mikubwa ilifungwa, meli zikachelewa, na bei ikapanda mara mbili katika soko la dunia. Viwanda vikahaha. Wakala mmoja tu aliendelea kuuza kwa bei ya zamani. Magunia yale yale, maandishi yale yale. Watu wakamwona mkombozi, na kiwanda cha Mama nacho kikanunua kwake.

Mama Dakika Tatu akachemsha kipande. Kikasinyaa. Akachemsha kingine. Kikasinyaa. Akaenda kwa bosi, akamwambia unga umechanganywa na chumvi. Lakini ngozi mia sita zilikuwa zimeshaharibika, na wa kulaumiwa alikuwa akitafutwa. Wakala akaja na shati lake jeupe, akachungulia sufuria, akasema kwa upole: "Mama alisinzia. Ni umri tu."

Bosi alimhitaji mwenye unga kuliko mpimaji. Akamfukuza siku hiyo hiyo.

Nasema polepole, ili isikike vizuri: hakusinzia. Unga ndio uliokuwa mbovu. Lakini nani atamwajiri mpimaji aliyesinzia? Viwanda vitatu vilimfungia mlango. Mikono iliyojua ngozi kwa kuigusa tu ikafua nguo za watu miaka kumi na mmoja.

Binti yake ametusimulia kwamba tangu jioni ile ya kufukuzwa, mama alianza kumtaja wakala katika sala. Kila jioni, baada ya wagonjwa na wasafiri, alimwomba Mwenyezi Mungu ampe wakala maisha marefu, macho yasiyofifia na masikio mazuri.

"Tulijua amesamehe," anasema binti. "Mjomba akamwambia, dada, wewe pepo umeshaiona. Mama akajibu: ngoja."

Akangoja. Wakala akanenepa. Akawa mtu wa kukata riboni na kugawa zawadi, na zawadi yake ilikuwa mkanda wa suruali, wa ngozi iliyoivishwa kwa unga wake mwenyewe. Hatimaye wenye viwanda wote walikutana ukumbini ili wamchague awe mwuzaji wao pekee.

Mama Dakika Tatu aliingia na gauni lake la ibada na saa mkononi. Nyuma ya ukumbi maji ya chai yalikuwa yakichemka. Alisalimia kwa heshima, akaomba aazimwe mkanda aliovaa wakala.

Wakala hakumkumbuka. Alijua bei ya kromu katika kila bandari, lakini alikuwa hajawahi kuchemsha ngozi hata siku moja. Akacheka, akauvua. "Mpeni mama, huenda ana njaa." Ukumbi ukacheka naye.

Mama akakata kifungo cha chuma, akauchora mkanda kwenye karatasi za mkutano zilizounganishwa, akautumbukiza. Hapo wenye viwanda wakaacha kucheka. Wao walikijua kipimo hicho. Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Mkanda ulitoka nusu ya ulivyoingia, mgumu, umejikunja kama nyama iliyosahaulika jikoni. Akaulaza juu ya mchoro ili kila mtu aone. Kisha akauweka kiganjani mwa wakala.

"Mwanangu," alisema, "vaa."

Wakala alitoka ameshikilia suruali. Mikono yote miwili ilikuwa kiunoni, kwa hiyo hakubaki na mkono wa kuficha uso. Hajauza gunia tangu siku hiyo. Bosi wa zamani alikuja kuomba radhi. Mama alimtaka aandike neno moja, "Hakusinzia," na kulibandika kwenye geti la kiwanda. Alibandika. Karatasi hiyo atazikwa nayo kesho.

Jioni ile watoto walisubiri kuona kama wakala atatajwa tena. Alitajwa. Maisha marefu, macho, masikio. Binti akauliza: mama, si umeshamaliza? Mama akasema: "Mimi nimemaliza. Yeye ndiyo kwanza anaanza. Aishi na aibu yake."

Kwa binti, kwa mjomba, na kwa wote waliofanya kazi naye, pokeeni pole zetu. Mungu amlaze pema. Na wewe unayemsingizia mtu leo ili unga wako upite, tafakari: huenda kuna anayekuombea.

Familia imetuomba tutangaze jambo moja. Ile sala imerithiwa. Jana jioni binti aliisoma, wajukuu wakaitika amina. Wakala, kama unatusikia, na tunaomba usikie vizuri, uishi miaka mingi.