Nilimwona Binti Yangu Akipita, Nisimjue

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, marahaba, hata kama hamjanisalimia. Mimi ni Ma Kemi wa hapa hapa Kimuli, mjane, darasa la nne sikulimaliza, kwa hiyo nikichanganya maneno mnivumilie. Mama mchungaji ameniambia pale mlangoni, "Ma Kemi, simulia yote, ila majina ya watu usitaje." Nikasema ndiyo, mama. Sasa nimesimama hapa naona siwezi. Aliyenidhulumu anaitwa Laurenti, shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Mke wake yuko pale benchi la tatu. Wewe dada kaa tu, sina ugomvi na wewe.

Lakini sikuja kusimulia kibanja, shamba letu la migomba. Nimekuja kusimulia nilivyokaribia kumpoteza Kemilembe, binti yangu wa pekee, akiwa mzima wa afya, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mume wangu alipofariki, matanga hata hayajaisha, Laurenti aling'oa ile mimea ya mpaka akaipanda upande wetu. Migomba mizuri, ile ya karibu na nyumba inayokula samadi, yote ikawa kwake. Nilipomfuata alicheka mbele za watu. "Shemeji, kwani unamlilia mume au unalilia ndizi?"

Neno lile lilihamia kwangu, likakaa. Nikafungua kesi, na kesi ikiwa haijaitwa, mimi niko mpakani nalinda asisogeze tena.

Mnaijua asubuhi ya kwetu, ukungu unapopanda kutoka bondeni ukaingia migombani, mgomba wa hatua tano unauona kama mtu aliyejifunika shuka. Humo ndimo nilimoishi. Nasimama na jembe ambalo silimi nalo. Majani yanadondosha maji, tii, tii, na mimi nahesabu mashina yangu yaliyo ng'ambo. Wakati mwingine nilimsikia marehemu akikohoa upande wa pili. Sikuogopa. Nilimjibu. Nilimwambia, ona mdogo wako alivyo. Kahawa ikaiva ikaanguka chini. Senene wakaja, watu wakashangilia, wakaondoka, mimi sikukaanga hata mmoja. Miaka ilipita hivyo, laini, kama mtu anayekufunika blanketi taratibu mpaka usoni.

Kemi ndiye aliyekuwa anapika. Ananiletea chakula pale pale mpakani.

"Mama, kula."

"Eeh."

"Mama, nimefaulu."

"Eeh."

"Mama, sketi ya shule imenibana."

"Eeh, tutaona."

Nilimsikia kama unavyosikia redio ya jirani.

Sasa asubuhi moja nimesimama hapo, nikasikia pikipiki barabarani. Ikatoka kwenye ukungu, bodaboda mbele, nyuma msichana amekumbatia godoro lililokunjwa, na ndoo inaning'inia. Nikajisemea, huyu mtoto wa nani? Wenzetu wanasomesha. Nikamwonea hata huruma, baridi yote ile hana sweta. Wakapita, ukungu ukafunga nyuma yao, nikarudi kwenye mashina yangu.

Mchana njaa ikaniuma, chakula hakijaletwa. Nikaenda nyumbani. Jiko limezima. Nikaingia chumbani kwa Kemi, kitanda ni mbao tupu. Nikakaa juu ya zile mbao. Ndipo nikajua godoro lile nilinunua mimi.

Aliniambia, ndugu zangu. Mara tatu aliniambia, "Mama, naenda Songambele kwa mama mdogo, nitasomea kule." Na mimi nikasema eeh.

Mtadhani nilimkimbilia. Wapi! Nilikasirika. Nikasema Laurenti amemlisha maneno. Nikazunguka kijiji kizima nikisema mdogo wangu Adela ameniibia mtoto. Hilo la Adela nalifuta leo mbele yenu. La Laurenti silifuti.

Ikapita mihula miwili sijatia mguu Songambele. Ndipo jirani yangu Ma Filbert akanijia mpakani, mikono kiunoni.

"Leo unakuja kanisani, hata kwa kubebwa. Kuna mgeni wa akina mama kutoka Kayanga."

"Na mpaka wangu nani ataulinda?"

"Mawe! Laurenti amelewa rubisi tangu jana, hata choo chake hakioni. Atauona mpaka?"

Nikaenda. Mgeni alikuwa mama mmoja mnene, nesi mstaafu, ana sauti ya kubembeleza mtoto. Kila mmoja akampa kipande cha jani la mgomba na kiganja kimoja cha akamwani, kahawa ile ile ya kutafuna tunayowapa wageni. Akasema tuligawe jani kwa mistari: hapa kazi, hapa watoto, hapa jirani, hapa usingizi na mwili wako, hapa Mungu, hapa furaha. Halafu akasema, "Fumbeni macho. Pita ndani ya siku zako, tangu unapofungua mlango. Unakaa wapi? Unakaa na nani? Usikimbie."

Nikafumba. Nikafungua mlango wangu, nikapita jikoni kwenye majivu ya baridi, nikatoka, nikaingia kwenye ukungu, nikasimama mpakani. Yule mama anasema, "Sasa ni mchana." Nimesimama. "Sasa jua linashuka." Nimesimama. Halafu pikipiki ile ikatoka tena kwenye ukungu, haina mlio, inakwenda kama kitu kinachoelea majini. Na yule msichana juu ya godoro amegeuza uso. Alikuwa ananitazama. Ndugu zangu, nawaambia, siku ile mtoto alikuwa ananitazama.

Tukaambiwa tufumbue, tuweke punje kila mmoja kadiri anavyojigawa. Zangu zote nikaziweka kwenye kazi, lundo moja, na mnajua kazi gani. Mgeni akapita akatazama jani la Ma Filbert.

"Mama, mbona kwenye usingizi hamna kitu?"

"Zilikuwepo, mama waitu. Nimezitafuna."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Na mimi nikacheka, nikashtuka kusikia sauti yangu.

Akafika kwangu. Hakunisema. Akauliza, "Hapa ni wapi?"

"Mpakani. Laurenti..."

"Sijauliza Laurenti. Hamisha moja. Moja tu, uniambie inakwenda wapi."

Nikaichukua moja, nikaiweka kwa watoto. Nikasema, "Songambele."

Jumamosi nikapanda bodaboda. Nilimkuta Kemi uani kwa Adela anafua. Amerefuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Kesi imeitwa?"

"Hapana."

"Baba mdogo kafanya nini tena?"

"Sijui. Leo sijapita huko."

Akaacha kukamua. "Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kukaa."

Akanisogezea kigoda kwa mguu, hivi, kama hataki. Nikakaa, nikaanza kusuuza. Tukafika katikati ya beseni ndipo akasema, "Siku ile nilimwambia bodaboda apunguze mwendo pale mpakani."

Nilitaka kusema ni ukungu. Nikaona huo ni uongo. Nikasema, "Nilikuona, mwanangu. Sikukujua."

Alilia, nikalia, mpaka Adela akatoka na sufuria. "Kama mnalia malizeni, ndizi zimeiva."

Sasa msidhani kila kitu kimekaa sawa. Laurenti bado anakula migomba yangu, kesi bado ipo, na mimi sijamsamehe. Niombeeni, lakini msiniharakishe. Mpakani naenda mara moja kwa wiki. Kila Jumapili kabla ya ibada nafumba macho nijiulize, wiki hii umekaa wapi? Kuna wiki najikuta nimerudi kule kule. Basi nahamisha moja tena.

Ninamshukuru Ma Filbert na ukali wake, mama yule wa Kayanga, na Adela aliyenitunzia mtoto huku ninamtukana. Na nyie mliodhulumiwa, maana najua mmo humu, sikieni. Mwizi alichukua migomba tu. Siku zangu nilimpelekea mwenyewe, kwa miguu yangu, bila kuombwa.

Likizo hii Kemi amerudi nyumbani, na godoro lake. Yuko pale nyuma karibu na dirisha. Kemi, simama wakuone... Hataki. Amejificha kwenye kitenge. Anamwonea aibu mama yake, kama watoto wa watu wengine wote. Mungu atukuzwe.