Boti Inayochemsha Juu ya Maji

Pale Ilomba, Mbeya, nyuma ya duka la spea, kuna benchi la mbao za mti wa mlingoti ambalo limeshaangusha serikali za nchi za watu na kuziunda upya kabla birika la Devota, muuza kahawa, halijakauka. Alhamisi ile baridi iliuma masikio, na fundi Aroni alijikunja kwenye koti, hana hamu hata ya kashata. Miaka kumi na tisa amefungua injini za Fuso na mashine za kusaga, hakuna iliyomshinda. Sasa boti ya Mama Matilda, inayotembeza watalii na maharusi kule Matema, Ziwa Nyasa, ilikuwa imemvua nguo mbele za watu. Jumamosi kuna harusi inatoka Iringa. Boti ikienda, Aroni ndiye fundi wake wa kudumu. Isipoenda, kazi anapewa mwingine. Na kazi ile aliitaka, tena aliitaka sana.

— Hebu anza mwanzo, alisema Philbert, dereva wa lori mstaafu, aitwaye Mheshimiwa kwa sababu hakubali kukatizwa. Ulifanya nini?

— Kila kitu! Oili nimemwaga, nimeweka mpya. Filta nimebadilisha, nozeli nimesafisha. Injini zote mbili nimeziwasha palepale mchangani, boti iko juu ya tela. Dakika tano tano, zinaunguruma tamu, Mama Matilda anapiga makofi. Tumeshusha majini, hatujafika mbali, zote zimechemsha.

— Rejeta imeziba.

— Boti ile haina rejeta, Mheshimiwa. Nahodha kanieleza: pampu inavuta maji ya ziwa, yanapoza injini, yanatokea nyuma kwenye eksozi.

Philbert aliweka kikombe chini. Katika maisha yake yote hajawahi kusikia injini ya dizeli isiyo na rejeta, na aliona ni utovu wa adabu.

— Basi kosa ni la ziwa, alidakia Anyitike, mzaliwa wa Kyela, ambaye wenzake humwita Redio. Kwetu kuna chemchemi za maji ya moto. Yanapita chini kwa chini mpaka ziwani.

— Nimeoga humo juzi, Redio. Nilitetemeka!

— Umeoga juu, gwe! Pampu inanyonya chini.

— Acheni, alisema Philbert. Ni upepo. Lori linakula upepo usoni. Injini ya boti mmeifungia tumboni, itapumua wapi? Toboa matundu.

— Nitoboe boti?

— Kwa juu!

— Na mvua je? aliuliza Devota huku akimimina.

— Bibi harusi ana mwavuli.

— Matundu hayasaidii, alisema Redio kwa sauti ya chini. Ziwa halimjui huyu. Mtu anashuka na mikono ya baridi ya Mbeya, anashika injini za joto la Matema. Zimepata homa!

— Homa inatulizwa na barafu, alisema Philbert. Gunia moja kulia, moja kushoto.

— Na maharusi wakae wapi? aliuliza Aroni.

— Juu ya barafu. Si ndio fungate?

Benchi zima likacheka. Aroni naye alicheka, ila moyoni alikuwa analia.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pembeni, anasubiri kahawa yake. Alijitambulisha kuwa anaitwa Mbuke, mkulima wa mpunga kutoka Usangu, amefuata spea ya pampu yake ya kumwagilia.

— Samahani, kaka zangu. Hiyo pampu inavuta maji ya ziwa, si ndiyo?

— Ndiyo, dada.

— Sasa siku ile fundi amewasha mchangani, ilikuwa inavuta maji gani?

Devota alibaki ameinamisha birika hewani.

— Mi' yangu niliiwasha kavu, alisema Mbuke, mpira wa ndani unaosukuma maji ukaungua. Ndio nimeufuata hapa.

Aroni alihisi uso unawaka. Dakika tano tano! Aliua pampu mbili kwa mikono yake, huku anapigiwa makofi. Lakini chini ya aibu ile furaha ilikuwa inapanda, maana mpira ni kitu cha kubadilisha, na bado ilikuwa Alhamisi. Akatoa simu, akapiga.

— Mama Matilda, shikamoo. Boti yako haina ubaya. Nimeiharibu mimi. Niliwasha bila maji, mipira ya pampu imeungua. Natafuta mingine leo, kesho niko Matema.

Benchi zima lilisogelea simu.

— Wewe ni fundi wa nne, alisema Mama Matilda. Wote waliharibu: wa kwanza alisema boti ina mkosi, wa pili akasema dizeli mbaya, wa tatu akamsingizia nahodha. Njoo, mwanangu. Huyo anayesema ameharibu yeye ndiye ninayemtaka.