Mzee Ngala Mramba, Mpishi wa Nyumba Yake (1956–2025)

Wazee wetu, shikamooni. Nyinyi mliotoka Kinondo mapema mkavumilia vumbi la barabara mpaka hapa Ndavaya, na nyinyi wenyeji mliotupokea kwa maji ilhali maji yenyewe hapa ni ya shida, Mungu awalipe. Mimi ni Kanze, mke wa Mramba, mkaza mwana wa marehemu. Mama Rispah amesema haya niyasome mimi, kwa sababu katika nyumba ile mimi ndiye niliyekaa na marehemu jikoni kuliko wote.

Mzee Daudi Ngala Mramba alizaliwa tarehe 12 Machi 1956 hapa hapa Ndavaya, Kinango. Baba yake, Mzee Mramba, alikuwa mfugaji wa mbuzi na ng'ombe. Mama yake, Kadzo, wengi wa wazee mlioko hapa mnamkumbuka kwa sauti yake ya kuimba. Baada ya marehemu alizaliwa dada yake, Umazi, naye ndiye aliyekuwa mwenzake wa kuchunga na kucheza. Mwaka 1967 mbwa wa bomani alimwuma Umazi mguuni. Jeraha lilikuwa dogo, likatiwa dawa ya majani, likafunga, na watu wakaendelea na shughuli zao. Majuma yakapita, kisha mtoto akaanza kushtuka akiona maji, na maradhi hayo hayakumwacha. Amezikwa nyuma ya ule mnyaa mnaouona pale, na leo kaka yake analala karibu naye.

Habari hiyo marehemu alinihadithia mara moja tu. Nilimwuliza ilikuwaje asiwachukie mbwa maisha yake yote. Akanijibu, "Yule mbwa alikuwa mgonjwa, mwanangu. Mgonjwa hachukiwi. Sisi ndio hatukujua la kufanya."

Alisoma shule ya msingi hapa Ndavaya kuanzia mwaka 1964 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1970. Waliosoma naye wanasema hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, lakini kuna siku mwalimu mkuu alimtoa kwenye somo la historia akakoroge uji wa shule, kwa kuwa uji wa mpishi ulikuwa na madonge. Alirudi darasani na masizi usoni. Wenzake walimcheka, ila siku hiyo waliomba kuongezewa. Angependa kuendelea na masomo, lakini ukame ulimaliza ng'ombe wa baba yake, naye akabaki nyumbani kusaidia.

Mwaka 1975 alishuka pwani akapata kazi ya kuosha masufuria katika hoteli moja ya Diani. Alikuwa akiosha huku akitazama. Kufikia mwaka 1980 alikuwa amevaa kofia ndefu ya mpishi, akipika vyakula ambavyo, kwa maneno yake mwenyewe, "vilikuwa vizuri kwa macho, lakini ukila unarudi nyumbani kutafuta sima."

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na Rispah, mwalimu wa chekechea, katika kanisa la Kinango. Mungu aliwajalia watoto wawili: Mramba, aliyezaliwa mwaka 1984, na Kadzo, aliyezaliwa mwaka 1988. Walijenga Kinondo, mahali ambapo majirani zao wote walikuwa Waislamu, nao wakapokelewa kama ndugu.

Mwaka 1997 yalipotokea machafuko, wageni walikimbia, hoteli zikafungwa, na marehemu akajikuta nyumbani bila kazi. Mama Rispah ndiye aliyetoka kila asubuhi kwenda kufundisha. Alituambia kwamba juma la kwanza mumewe alikaa kibarazani akitazama miguu yake. Juma la pili Mama aliamka akakuta uji uko mezani, sare za watoto zimepigwa pasi, na mumewe yuko nje anakuna nazi juu ya mbuzi. Mama aliingiwa na hofu.

"Baba Mramba," alimwambia, "watu watasema nini?"

"Watasema watoto wa Rispah wameshiba."

Watu walisema mengine. Wanaume walipita uani wakamwuliza, "Ngala, siku hizi umeolewa?" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Nimeolewa na tumbo langu. Nisipolipikia linanipiga." Walicheka, na baadhi yao wakaingia wakaonja. Hoteli zilipofunguliwa tena aliitwa, akakubali kwenda msimu wa wageni tu. Miezi mingine yote jiko la nyumba lilikuwa lake, na Mama Rispah anasema wazi mbele yenu kwamba asingeweza kufundisha mpaka kustaafu kama si mume huyo.

Mimi niliingia katika nyumba ile mwaka 2009, nimeolewa. Nilikuwa nimefundwa kwamba baba mkwe haangaliwi usoni, sembuse kulishwa naye. Asubuhi ya kwanza nilitoka chumbani nikamkuta ananipakulia mbaazi za nazi na mahamri ya moto. Niliinama nikashindwa kunyoosha mkono. Akaweka sahani chini, akageuka upande wa pili, akasema, "Hapa jikoni hakuna mkwe, mwanangu. Kuna mwenye njaa na mwenye mwiko." Nilikula huku machozi yananitoka. Tangu siku hiyo alinifundisha, kwa upole, hatua kwa hatua: wali wa nazi hutiwa kwanza tui jepesi, lile zito la kasimile huja mwisho, makaa ya kupalia juu ya kifuniko yawe machache, mtu apate ukoko asipate mkaa, na mchicha haukatwi kabla ya kuoshwa.

Kuku wa nyumba ile hakuchinjwa mpaka aitwe Sefu, jirani yetu, mtoto wa Bi Mwanarusi. Marehemu alisema, "Nikichinja mimi watakula wanne. Akichinja Sefu utakula mtaa mzima." Kwa hiyo Krismasi ya kwetu ililiwa na watu wa msikitini, na Idi ya kwao tuliila sisi.

Kuhusu mbwa, marehemu alikuwa na msimamo wake. Alifuga wawili kwa wakati mmoja, hakuzidisha. Aliwajengea ua wa makuti na mlango wa mbao, ili wasifike vizingitini mwa watu wanaotawadha. Bakuli lao lilikuwa lao peke yake, na hakushika sufuria baada ya kuwashika mpaka anawe kwa sabuni. Kila mwaka aliwapeleka mwenyewe kuchanjwa, akiwashika kamba, hata mwaka ambao ilibidi awafuate maofisa wa mifugo mpaka Matuga. Mmoja wao alimpa jina la Asante. Alipomwita jioni, wapita njia walikuwa wakiitika, "Haya, karibu!"

Sasa nitasimulia jambo ambalo Bi Mwanarusi ameniomba nisiliache.

Ilikuwa mwaka 2011, alasiri moja ya mwezi wa Agosti. Mbwa koko, asiyejulikana katokea wapi, aliingia mtaani akiyumba na mate yakimtoka. Zainabu, binti wa Sefu, alikuwa na umri wa miaka saba, anacheza nje. Mbwa akamwuma mkononi. Wanaume wakamfukuza mbwa wakamwua. Wanawake tukamzunguka mtoto, kila mmoja na dawa yake. Bi Mwanarusi alikuja mbio na pilipili iliyopondwa.

Marehemu alitoka jikoni kwetu. Sijawahi kumwona na uso ule. Akasema, "Shikamoo, Bi Mwanarusi. Naomba pilipili hiyo isiguse jeraha. Maji na sabuni kwanza." Akampakata mtoto kando ya bomba, akaniambia nifungulie maji, akaanza kuosha. Aliosha, akaosha. Mtoto analia, "Babu, inatosha!" Naye anamjibu, "Bado kidogo, mjukuu wangu, bado kidogo." Watu walianza kunung'unika kwamba kidonda kidogo namna ile hakihitaji mambo makubwa. Aliwasikia, akaendelea. Alipomaliza akapanda pikipiki na mtoto na bibi yake, wakaenda hospitalini Msambweni, Zainabu akachomwa sindano ya kwanza siku hiyo hiyo.

Sefu alikuwa shambani. Aliporudi akasikia habari nusu, kwamba mtoto wake ameumwa na mbwa na amepelekwa hospitali. Akaja moja kwa moja langoni kwetu na panga mkononi. Nyuma yake kulikuwa na vijana.

"Ngala bado hajarudi," Mama Rispah alimwambia.

"Simtaki Ngala. Nataka mbwa. Leo habaki hata mmoja katika mtaa huu."

Mama Rispah alisimama mlangoni mwa ua, mtandio umemwanguka mabegani, hakuondoka. Pikipiki ikafika wakati huo. Marehemu alishuka, akamkabidhi Sefu mtoto wake, mkono umefungwa bendeji. Kisha akasema, na maneno haya nayakumbuka kama yalivyo:

"Sefu, hawa wangu wamechanjwa na hawajatoka humu ndani. Lakini mtoto ni wako. Bi Mwanarusi ni mama yetu sote. Akisema hatapata usingizi mbwa wangu wakiwapo, nawaondoa mimi mwenyewe, sasa hivi, na ujirani wetu utabaki vile vile."

Watu wakamgeukia Bi Mwanarusi. Alikuwa amechoka kwa safari na kilio. Akasema, "Miaka yote hii sijamwona mbwa wa Baba Mramba kizingitini kwangu. Aliyemwuma mjukuu wangu hakuwa na mwenyewe. Sefu, mwanangu, weka panga chini umshike mtoto vizuri."

Sefu akaliweka.

Marehemu hakuishia hapo. Kila tarehe ya kurudi hospitalini alimsindikiza Zainabu, mpaka sindano zikaisha. Halafu alikwenda na mzee wa mtaa kuwaomba maofisa wa mifugo waje Kinondo kuchanja. Walipokuja, aliyekuwa akiwakamata mbwa wa mtaa na kuwafunga kamba alikuwa Sefu, kajifunga kitambaa puani, analalamika kwa sauti kwamba akitoka hapo atajitwaharisha mpaka ngozi itoke. Marehemu alicheka mpaka akakaa chini. Tangu mwaka huo chanjo imekuwa desturi ya mtaa ule, na tunashukuru kwamba hakuna mtoto mwingine aliyepatwa na yaliyompata Umazi. Zainabu yupo hapa leo, amekuja na mume wake na mtoto wake mchanga.

Mwaka 2021 marehemu aligunduliwa kuwa na kisukari. Mwaka 2023 macho yalianza kupungua nguvu, akawa anapika kwa kunusa na kusikiliza mlio wa sufuria. Mwishoni mwa mwaka 2024 figo zilidhoofika, akalazwa Msambweni kwa muda, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na majirani ambao hawakuacha kibaraza chetu kikae bure.

Ugonjwa huo ulifanya jambo moja jema. Mume wangu Mramba, tangu utoto wake, alikuwa hataki kuonekana jikoni, kwa sababu shuleni walimtania kwamba ana mama wawili. Januari mwaka huu baba yake alimwita kitandani akamwambia, "Leo nataka wali wako." Mramba akapika huku baba yake akimwelekeza kutoka chumbani kwa sauti hafifu. Wali uliungua chini na juu ukabaki na kiini kibichi. Nilitaka kuutupa. Marehemu alikataa, akala kijiko baada ya kijiko, akasema, "Mungu, nimeonja cha mkono wa mwanangu, ahsante." Mramba alitoka nje akalia. Kesho yake akapika tena, na siku zote zilizofuata yeye ndiye aliyempikia baba yake.

Jumapili tarehe 9 Februari 2025 tulirudi kutoka kanisani tukaingia kumjulia hali. Alikuwa mtulivu. Mama Rispah alimshika mkono.

"Mmekula?" akauliza.

"Bado, Baba," Mramba akajibu. "Chakula ki tayari, tulitaka kukuona kwanza."

"Mmeniona. Nendeni mkale."

Tukaketi mkekani, chakula kimepikwa na Mramba: wali, mchuzi wa samaki na mboga ya mchunga. Tulikula tukashiba. Mama aliporudi chumbani na maji ya kumnawisha, akamkuta ameshaondoka, mikono juu ya kifua, kama mtu aliyewaandalia watu wake na sasa anapumzika.

Ameacha mke, Rispah, watoto, Mramba na Kadzo, mimi mkaza mwana wake, na mkwewe, mume wa Kadzo, wajukuu watano, pamoja na Bi Mwanarusi, Sefu na Zainabu, ambao mwenyewe aliagiza wasiachwe katika orodha ya jamaa.

Hatukuja hapa kumdai Mungu. Tumekuja kumshukuru kwa baba aliyetulisha kwa mikono safi. Lala, Baba, upumzike kwa amani ya Mola wako. Sisi tumekula.