Stika ya Dokta

Basi la chuo lilikuwa halijatoka kituoni, na mlinzi wa geti aliyeketi mbele yangu alishaanza kujisifu kwa mama mmoja mwenye faili mapajani.

"Gari lisilo na stika ya mwaka huu halipaki ndani. Jana nimemrudisha hata binti yangu."

"Anasoma hapa?"

"Anafundisha. Ni dokta!" Alilitamka kwa sauti iliyomfanya mwanamke aliyekuwa akisahihisha mitihani kiti cha nyuma ainue kichwa.

"Mzee wangu! Damu yako mwenyewe? Si ungefumba jicho tu?"

"Nikimfumbia yeye, kesho nitamwambia nini profesa? Sheria ni msumeno, mama."

"Huo msumeno utakukatia undugu. Atakununia."

"Nimemlea mimi. Hanuni."

Mama akasonya. Mzee akaeleza tena, tangu mwanzo, ingawa hakuna aliyemwomba, mpaka basi likasimama getini. Akashuka kwa madaha, kofia ya kazi akaisahau kitini.

Yule mwanamke wa nyuma akaja, akaiokota, akaipangusa vumbi kwa mkono wa gauni lake na kumpa dirishani.

"Vaa, Baba. Magari yanasubiri kurudishwa."