Pandu Ameir Anastaafu na Onyo Lake

Mzee Pandu Ameir, mkalimani wa Kiswahili katika ofisi yetu ya afya bandarini, anastaafu Jumatano, tarehe 30 Juni 1999, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Tangu Julai 1968 ametoka nyumbani kwake, kitongoji cha Chatsworth, kila alfajiri, na amechelewa mara mbili tu. Mara zote mbili madereva wa taxi walikuwa wamegoma.

Kazi yake ilikuwa kupanda melini na mkaguzi kabla mtu yeyote hajashuka. Manahodha walimketisha kwa biskuti na fomu iliyosema hakuna mgonjwa. Mzee alitia biskuti mfukoni, akateremka jikoni kumuuliza mpishi ni sahani ngapi zimerudi na chakula. Fomu hujazwa na nahodha, alitufundisha, lakini sahani huoshwa na mpishi.

Ijumaa, 16 Januari 1998, mpishi mmoja Mkongomani, Anaclet, alimjibu: "Papa Pandu, leo tisa. Wanasema ni bahari, lakini bahari iko sawa." Mabaharia tisa walikutwa vitandani na kipindupindu. Wawili walifia hospitalini. Meli ilikuwa imejaza maji ya kunywa katika nchi ambayo serikali yake ilijua ugonjwa umeingia, ikanyamaza isije ikakosa wanunuzi wa samaki.

Kanuni za kimataifa ziko wazi: serikali ikijua ina kipindupindu, itoe taarifa Geneva, kwenye makao ya shirika la afya la dunia, ndani ya saa ishirini na nne. Ile haikutoa. Na sisi? Mkuu wetu wa wakati ule aliifungia ripoti yetu ya meli ile kwenye droo, eti wageni wa ufukweni wasitishike. Mzee alipomkumbusha, aliambiwa, "Wewe ni mkalimani, siyo serikali."

"Sawa, bosi," akajibu. "Basi nisaidie kutafsiri: saa ishirini na nne ni siku ngapi?"

Ripoti ilikaa drooni siku kumi na mbili. Siku ya nne meli nyingine ilijaza maji bandari ile ile ya ugenini, bila kuonywa na mtu. Ilifika kwetu tarehe 27 na maiti watatu.

Wakati huo Mzee alikuwa ameshaandika Geneva mwenyewe, kwa mkono. Haikusaidia. Kwa kanuni hizo inayosikilizwa ni taarifa ya serikali, yaani ya yule yule anayeficha. Hakuna waziri aliyeitwa kujibu, kule wala hapa. Aliyeadhibiwa ni Pandu Ameir peke yake: onyo la maandishi, kwa kuvuka mamlaka yake.

Mwezi uliopita aliambiwa onyo litaondolewa kwenye faili akitia saini kwamba alikosea. Hata sisi tulimsihi: "Eish, mzee, saini tu, uchukue cheti chako." Alirudisha karatasi bila saini. Kwa hiyo leo ofisi haimpi cheti cha utumishi wa muda mrefu, na waliokizuia wameketi meza ya mbele katika hafla hii ya kumuaga. Wasome hapa.

Asante, mzee wetu. Mungu akupe afya na miaka mingi ya kulala hadi jua litoke. Cheti chako ni ukurasa huu. Tumeutia saini watu kumi na mmoja, kwa majina yetu kamili.