Mvua Alizomwekea Kaka Yake

Marehemu bibi yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1930, mtoto wa pili na wa mwisho wa seremala. Kaka yake, aliyemzidi miaka minane, ndiye aliyemfundisha kusoma kipima mvua cha shule: unamimina maji, unainama, unaandika. Saa tatu kamili asubuhi, si saa tatu na kitu.

Alisoma hapo tangu 1938 hadi 1945. Juni 1942 kaka alichukuliwa vitani kuendesha lori. “Niandikie mvua nitakazozikosa,” alimwambia. “Nikirudi nitazisoma zote.” Ilikuja barua moja, kisha kimya. Bibi akaendelea kuandika.

Miaka ya chuo cha ualimu alipimia kwenye kopo, na mwaka 1949 alirudi shuleni hapo kama mwalimu, akapewa nyumba ya uani. Tarehe 12 Agosti 1954 aliolewa na fundi baiskeli. Harusi ilichelewa, maana bibi harusi alikuwa ameinama uani na gauni lake, na bwana harusi amemshikia daftari. Babu alisema siku hiyo ndipo alipotambulishwa kwa shemeji.

Nchi ilipita mle daftarini kama kwenye ndoto. Siku ya uhuru: “Milimita sita. Tumelowa, hakuna aliyeondoka.” Wanajeshi walipotwaa kituo cha redio: “Sifuri. Barabara tupu.” Alipostaafu mwaka 1985, walimu wenzake walimpa kipima chenyewe, akaenda nacho nyumbani. Mwaka 2020: “Watu wote ndani. Mvua inanyesha peke yake.”

Nilipokuwa na miaka tisa nilimwandikia sifuri bila kutoka nje. Hakunigombeza. Alinituma nikaanue nguo, na zilikuwa zinachuruzika. “Kaka yangu akiuliza ya leo,” akasema, “utamjibu nini?” Bado naona aibu.

Macho yalimzimikia mwaka 2021, kisha moyo ukachoka. Jumanne tarehe 9 Aprili 2024, saa mbili asubuhi, aliniuliza kama nimepima. Nikamwambia imebaki saa moja ifike saa tatu. Hakuifikia.

Ameacha watoto watatu, wajukuu tisa na vitukuu wanne. Kaka yake hatumweki kati ya waliobaki wala waliotangulia, maana alitukataza kumwita marehemu. Kama yuko huko aliko bibi, atasomewa. Kama bado yuko njiani, madaftari yako kwangu, na leo saa tatu nimepima: milimita nne.

Lala salama, bibi. Hakuna siku iliyorukwa.