Mwalimu Pulchérie Mangaza, Aliyetufundisha Kuitikia Salamu kwa Kiingereza

Jumamosi tarehe 20 Julai 1985, Bertin Sumaili alifika Swima kutoka Mboko akiwafuata baba zake wadogo wawili, kwenda kuposa. Suruali aliyovaa ilikuwa ya kuazima. Walipokaribishwa uani, mwanamke mrefu, mwembamba, alitoka jikoni na unga wa muhogo mikononi, akawasalimia wazee mmoja mmoja. Aliuliza habari za njiani, za Mboko, za wagonjwa waliowaacha, za mvua. Hakuruka kitu. Bertin alikuwa akimtazama, maana hakuna aliyemwambia yule ni nani. Ndipo baba yake mdogo, Jérémie, alipomminya goti.

"Inamisha macho, we. Ule njo mama mukwe."

Bertin akainamisha macho. Kwa desturi ya kwetu, mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawali pamoja, hawaitani majina wala hawasemeshani uso kwa uso. Ndiyo heshima, na wote wawili waliishika. Mama huyo ndiye tunayemzika leo.

Marehemu Mwalimu Pulchérie Mangaza alizaliwa Swima tarehe 9 Mei 1937, mtoto wa pili wa mzee Bonaventure Asukulu, mvuvi, na mama Georgette Nyassa, mkulima. Alibatizwa mwaka huohuo.

Alianza shule ya misheni mwaka 1944, wakati wasichana darasani walikuwa wachache sana. Alipomaliza masomo ya msingi alichukuliwa kufanya kazi kwa mwuguzi mmoja wa misheni, bibi mgeni aliyesema Kiingereza, kwenye zahanati ya kando ya ziwa. Alifagia na kuchota maji. Yule bibi hakuwa na mtu wa kuongea naye lugha yake, basi jioni akaanza kumfundisha. Walianza na namna ya kusema mimi niko, wewe uko, yeye yuko. Wakaja kwenye kitu kimoja na vitu vingi, kisha mambo ya jana na ya kesho. Lakini kabla ya hayo yote alifundishwa kuamkia, kuomba, kushukuru na kutaka radhi.

Marehemu alipenda kusimulia kwamba mwanzoni hakupewa hata kijiko mpaka akiombe kwa maneno kamili. Siku moja alikataa kuomba, akalala na njaa, kwa kuwa nyumbani kwao ukimwona mwenzako ana njaa unampa, hungoji akuombe. Asubuhi yule bibi alimletea chai mwenyewe na kumtaka radhi. "Siku ile njo nilielewa kama kuomba radhi haiko haya kwa mukubwa," alikuwa akisema.

Alisomea ualimu huko Uvira kuanzia mwaka 1953 hadi 1955, akarudi kufundisha darasa la tatu Swima. Alifundisha kwa Kifaransa na kwa Kiswahili mpaka alipostaafu mwaka 1992. Wengi waliokaa hapa wakiwa na mvi walishikwa mkono na yeye kuandika herufi ya kwanza. Kiingereza chake alikiweka kama nguo ya sikukuu, kwa maana hapakuwa na wa kuongea naye.

Tarehe 6 Julai 1957 alifunga ndoa na Placide Lukendo, fundi mwashi. Walizaa watoto sita. Mwaka 1964, wakati wa maasi, waliishi milimani na huko wakamzika mmoja. Wawili walichukuliwa na surua. Mzee Placide alifariki tarehe 2 Februari 1988. Marehemu hakuolewa tena. Alisema alikwisha kumzoea mwanaume anayenyamaza, na wa namna ile hapatikani mara mbili.

Vita ya Oktoba 1996 ilimkuta Swima. Mwanawe Raphaël aliuawa kwa risasi njiani, akisukuma baiskeli iliyobeba magodoro ya nyumba. Marehemu alivuka ziwa pamoja na Rosette, bintiye, na Bertin, wakaingia kambini upande wa Kigoma. Huko aliona jambo lililomuumiza karibu sawa na kifo cha mwanawe. Wazee wetu, wanaoweza kusema mbele ya baraza toka asubuhi hadi jua la utosi, walisimama mbele ya wageni wa misaada wakionyesha vidole tu, mdomo, tumbo, mtoto. Akaanza kusimama kando yao na kuwasemea. Kila mara alianza kwa kumwuliza mgeni kama ameamka salama, na wageni walimpenda kwa hilo.

Walirudi Januari 1998. Nyumba ya Swima ilikuwa imebaki kuta. Paa lililokuwepo ni la Bertin na Rosette hapa Baraka, na kwa desturi mama mkwe halali kwa mkwe wake. Vita haikuuliza desturi. Bertin alifanya alichoweza. Alijenga ua wa matete katikati ya parsela, kiwanja chao, akamjengea mama chumba upande mmoja chenye mlango wake wa barabarani, na upande wa pili akabaki na meza yake ya useremala.

Hapo, chini ya upenu wa chumba kile, marehemu alifungua darasa la Kiingereza. Agosti ya mwaka ule vita ikarudi tena, lakini darasa halikufungwa, ila siku za milio ya risasi. Walikuja wauguzi, wachuuzi wanaovuka ziwa, bamama wa soko, vijana wasio na shule. Upande wa pili Bertin alikuwa akipiga randa. Zamani alitengeneza vitanda na milango. Miaka ile alitengeneza zaidi masanduku ya maiti. Huku akipima mbao alisikia sauti ishirini zikisema habari za asubuhi, tafadhali, asante, nawe je.

Kwa kuwa hawakuweza kusemeshana, mama alisemesha matete.

"We matete," alisema, "batoto banakaa chini. Nani atatupatia banc?"

Bertin naye, akijua ni mabenchi yanayoombwa, aliijibu randa yake. "We randa, mbao iko. Kesho banc itakuwa."

Rosette alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. "Hapa kwetu matete na randa njo zinaongea. Bantu tunasikiliza."

Mama alijua mkwe wake anasikiliza. Bertin ni mtu wa haya na alisoma shule ya msingi tu. Hangekaa kwenye banc pamoja na watu, hata kama desturi ingemruhusu. Basi sentensi ngumu mama aliisema mara mbili, mara ya pili akiwa ameelekea kwenye matete. Darasa likishindwa kujibu alisema, "Acheni. Matete yamesikia."

Mwaka 2000 alikuja kijana wa milimani, Éliezer, mtoto wa wafugaji. Siku zile watu wetu na watu wake waliogopana sana, na banc aliyokaa ikabaki yake peke yake. Mama mmoja wa soko alisimama akasema, "Mwalimu, mi na huyu hatuwezi kusoma pamoja."

Marehemu alimjibu, "Sikukuambia umupende. Nimekuambia umuulize kama ameamuka muzuri. Ikala pale, umuulize."

Yule mama alikaa, akauliza, akajibiwa. Éliezer alisoma mpaka mwisho wa mwaka.

Sheria ya darasa lake ilikuwa moja. Mtu akiulizwa habari, kwanza ajibu kwamba ni njema, ashukuru, naye amwulize mwenzake. Shida ingoje mgeni akae, aulize mara ya pili. Alisema katika jambo hili Waingereza na watu wa Swima ni ndugu.

Ugonjwa ulimshika Oktoba 2002. Tumbo lilianza kuvimba na mwili kwisha. Alificha kwa kufunga kitenge juu ya kitenge, mpaka Rosette alipomwogesha akaona. Dawa zilikuwa zimekwisha kwenye zahanati, barabara ya Uvira ilikuwa ya hatari, na kwa mitishamba hakupata nafuu. Aliendelea kufundisha akiwa ameketi, kisha akiwa amelala mlangoni, kisha akaacha.

Jumatatu tarehe 3 Machi 2003 mashua ya shirika la misaada ilifika ufukoni hapa Baraka. Ilisemekana itachagua wagonjwa mahututi na kuwapeleka ng'ambo hospitalini. Bertin na jirani yake Nicolas walimbeba mama kwenye kipoyi, machela ya miti, Bertin akiwa mbele ili asimwone. Walimkalisha kwenye mstari, Rosette akamwegemeza mgongo. Mkalimani alikuwa mwisho mwingine wa mstari. Mwuguzi mzungu, kijana, alipita peke yake na maneno mawili matatu ya Kiswahili, akafika kwa mama.

"Jambo, mama. Habari?"

Mama alimwonea huruma kwa Kiswahili kile. Alijinyoosha kutoka kifuani mwa Rosette, akapanga kitenge, akamjibu kwa Kiingereza chake cha sikukuu kwamba yeye ni mzima sana, anashukuru, na bwana je, amesafiri salama, na mama yake kule nyumbani hajambo?

Uso wa kijana ulifunguka. Alicheka kwa furaha, akasema mama yake hajambo, akamsifu kwa Kiingereza kizuri, akamshika mkono. Kisha akamwandikia alama ya wasio na haraka, akahamia kwa mtu mwingine.

Mama alibaki ameinua uso, akingoja aulizwe mara ya pili.

Bertin, aliyekuwa amesimama hatua chache akiwapa mgongo, alisikia yote na akaelewa. Yule mgeni hatauliza tena. Hakujua kwamba kwetu kuna mara ya pili. Rosette hakujua Kiingereza, alidhani wanaelewana. Na mkwe kuutaja mwili wa mama mkwe wake, naye mwenyewe anasikia, mbele ya ufuko mzima, ni jambo ambalo hata walevi hawalifanyi. Tena angekuwa anamkanusha mwalimu mbele ya mgeni wake. Bertin alitazama ziwa. Mashua ilikuwa imeanza kupakia.

Akageuka. Kwa Kiingereza ambacho hakuwahi kukitamka mbele ya mtu, alianza kama walivyofundishwa, kwa kutaka radhi kwanza. Akasema: bwana, tafadhali, mama huyu si mzima. Anaumwa sana. Tumbo, tangu miezi mingi. Anakujibu hivyo kwa sababu ya heshima.

Kijana alirudi, akapiga magoti, akaweka mkono juu ya vitenge, na kicheko kikatoweka usoni pake. Mama alijifunika kichwa kwa kitenge, hakukifunua mpaka nyumbani.

Mashua ilikuwa imejaa. Mwuguzi alisema watarudi Jumatatu ijayo na daktari, na mama atakuwa wa kwanza kupanda. Aliacha dawa za maumivu.

Kesho yake Bertin alifanya linalofanywa mkwe akivunja heshima. Alimtuma baba yake mdogo, mzee Jérémie, na kuku. Yeye akabaki nyuma ya matete, randa mkononi, hapigi.

"Kuku hii ni ya nini?" mama aliuliza.

"Ni ya mukwe. Alisema mbele yako."

"Mi nauliza, alisema muzuri?"

"Mama, mi sijui Kiingereza."

"Nilifunika macho, masikio ilibaki wazi. Maneno yake ilikuwa yote. Hata radhi aliomba. Muipike. Na ule wa nyuma ya matete naye akule."

Rosette aliipika. Mama alikunywa supu vijiko viwili, sahani nyingine ikapita upande wa pili. Kwa mkwe na mama mkwe wa kwetu, kula kuku mmoja ni jambo kubwa, na Bertin alikula akilia.

Jumatatu tarehe 10 Machi watu walikaa ufukoni tangu asubuhi. Ziwa lilikuwa na mawimbi na ilisikika milio upande wa kaskazini. Mashua haikutokea. Jumanne tarehe 11 Machi 2003, saa nne asubuhi, Mwalimu Pulchérie Mangaza aliaga dunia nyumbani hapa Baraka, mkono wake ukiwa katika mkono wa Rosette. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Ameacha watoto wawili: Rosette, na Fabien aliye Lubumbashi, ambaye habari hii bado hatujaweza kumfikishia. Ameacha mkwe mmoja, wajukuu wanne, mkubwa wao akiwa Divine, mdogo wake marehemu, mama Uzima wa Swima, na wanafunzi wa miaka yote. Mungu aliyempa ulimi wa upole amkaribishe, amkalishe, amwulize habari zake zote. Apumzike kwa amani, naye Raphaël na waliomtangulia wampokee.

Jumatatu ile mashua haikutokea, jioni, Rosette alipokwenda kuwasha moto, Bertin alikuwa amesimama nje ya mlango wa chumba, akitazama upande wa ziwa. Mama hakusemesha matete. Alimwita kwa jina lake.

"Bertin. Daktari akikuya, mi sitamujibu tena. Sema naye we."